Ukurasa wa Kumi na Nne

Benchi la pale kwenye kituo cha polisi lilikuwa na msumari uliochomoza, nami niliukalia tangu saa mbili asubuhi. Sikuhama. Niliona kama nastahili.

Wewe ambaye umekuwa nami katika safu hii tangu mwanzo unajua nilivyofika hapo. Wewe unayesoma leo kwa mara ya kwanza, sogea, nitakueleza kwa ufupi.

Jina langu ni Gatimu. Mwaka ule wa 1986 nilikuwa na miaka ishirini na minne, digrii mpya na suti moja. Nilifundisha historia katika shule ya harambee huko Tetu, na kila Jumanne na Alhamisi alasiri nilifundisha ngumbaru, kusoma na kuandika kwa watu wazima, katika ukumbi wa kanisa. Wanafunzi wangu wa ngumbaru walikuwa wanawake kumi na mmoja. Walikuja moja kwa moja kutoka kwenye majani chai, wakanawa mikono kwenye ndoo pale mlangoni, wakaketi kwenye viti vya watoto wa shule ya Jumapili.

Siku ya kwanza nilimwuliza kila mmoja kwa nini anataka kusoma. Mmoja alisema Biblia. Mwingine, Waithira, alisema anataka kusoma barua za mumewe aliyeko Mombasa kabla hajasomewa na mama mkwe. Walicheka mpaka wakafuta machozi.

Wa mwisho alikuwa Watiri, mjane wa miaka hamsini na minane. Yeye hakucheka.

"Nataka nisiweke kidole tena," alisema.

Baba yake aliweka kidole gumba kwenye karatasi wakati mashamba yalipokuwa yakipimwa upya, miaka ya emajensi, wakati wa vita vya Mau Mau. Aliambiwa ni karatasi ya kupokea shamba. Kumbe alikuwa ameachilia kipande cha chini, kile cha mtoni, kilichozaa mahindi mazuri kuliko vyote. Watiri alikuwa amesimama kando yake siku hiyo, mtu mzima tayari, na hakuweza kumsaidia kwa sababu yeye pia hakujua karatasi inasema nini.

Baba huyo aliitwa Gatimu, kama mimi. Kwa hiyo, vile mila yetu ilivyo, tangu siku hiyo Watiri aliniita baba. Nami nilimwita mama. Tulielewana hivyo.

Baada ya mwaka mmoja na nusu walikuwa wanasoma. Cheti cha Watiri kilitundikwa ukutani kwake, kando ya picha ya marehemu mumewe, na kilipanguswa vumbi mara nyingi kuliko ile picha.

Ndipo nikapata wazo. Kama mngenijua wakati huo, mngejua kwamba wazo langu likishanijia, halishuki. Nilisema tutunge mchezo wa kuigiza, ili wasome kitu chao wenyewe. Wao ndio waliotaka uwe wa Kiswahili, wapate kujibizana na karani wa posta bila mkalimani.

Mchezo ulihusu mjane aliyechoka na kahawa. Analima kahawa, anaipogoa, anainyunyizia dawa, na hana hata kamba moja ya ardhi ya kupandia watoto maharagwe. Katika ukurasa wa kumi na nne anang'oa mti mmoja na kusema maneno yake.

Na kung'oa kahawa bila kibali ni kosa la kupelekwa kortini. Kila mtu Tetu alijua hivyo. Mimi pia nilijua.

Mchezo wa kuonyeshwa watu hauonyeshwi bila leseni. Nilienda kuitafuta mara tatu. Karani wa leseni alikuwa mtu wa Kakamega, jina lake Nehemiah, mpole, mwimbaji wa kwaya. Alisoma kurasa zote ishirini na mbili huku akitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza wimbo.

"Mwalimu, mchezo ni mzuri," aliniambia. "Lakini hapa ukurasa wa tisa, mke anamjibu shemeji yake mbele ya watu. Hiyo ni maadili. Nimekata."

"Sawa."

"Na hapa kumi na nne. Hii maneno ya mama. Hiyo sasa ni usalama."

"Ni maneno ya mama amechoka tu, Bwana Nehemiah."

"Watu wakichoka pamoja, mwalimu, huo ni mkutano."

Alichukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya maneno ya mjane, mistari minane, mmoja baada ya mwingine, bila kuharibu karatasi. Halafu akapiga muhuri kila ukurasa. Juu ya maneno yale yaliyokatwa palikuwa na maagizo yangu kwa mwigizaji, ndani ya mabano. *Mjane anaingia na mti wa kahawa uliong'olewa. Anauweka chini mbele ya watu. Anaketi.*

Hayo hakuyakata.

"Na hii?" nilimwuliza. Nilikuwa mkweli kupita kiasi siku zile.

"Hiyo iko kwenye mabano. Hiyo sio maneno, ni maagizo. Kazi yangu ni maneno."

Basi tukaonyesha mchezo, Jumamosi saa nane mchana. Na wiki iliyopita niliwaeleza jinsi Watiri alivyotoka ukumbini katikati ya askari wawili wa utawala.

Lakini kuna jambo moja ambalo sikuwaeleza. Niliogopa mngeacha kunisoma. Leo nalisema.

Nilikuwa nimewafundisha wanawake wale kanuni moja tangu herufi ya kwanza. Soma kilichoandikwa. Usiongeze, usipunguze. Niliirudia mpaka wakaanza kunitania nayo njiani.

Saa moja kabla ya mchezo, niliingia katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi, pale mchungaji anapovalia joho. Nilimkuta Watiri peke yake, ameketi na kanga ya kuigizia. Miguuni pake palikuwa na mti wa kahawa.

Mti wenyewe. Mizizi, udongo mwekundu, kahawa mbichi bado ziko kwenye matawi.

Tulikuwa tumekubaliana atumie tawi la mkaratusi.

"Mama," nilisema, "hiki ni nini?"

Alichukua karatasi yake yenye muhuri, akanionyesha kwa kidole. "Soma, baba. Imeandikwa mti wa kahawa. Haikuandikwa mkaratusi."

"Umeutoa wapi?"

"Kwangu. Ule wa mwisho, karibu na choo. Nilipanda kwa mkono wangu mwaka wa uhuru."

Hapo ndipo ningemwambia aurudishe. Ningesema hapana, mama, utashikwa. Ningeufunika kwa gunia. Nilikuwa na saa nzima.

Sikusema. Niliutazama ule mti ukiwa umelala sakafuni na mizizi yake yenye udongo, na nikawaza: Hii itakuwa nzuri sana. Hilo ndilo lililonijia. Sikuwaza habari ya Watiri. Niliwaza habari ya mchezo wangu.

Nilimshika bega nikamwambia, "Fanya kama ilivyoandikwa."

Mengine mnayajua. Aliingia na mti begani, udongo ukidondoka mpaka mbele ya ukumbi. Akauweka chini. Akaketi. Na kwa kuwa maneno yalikuwa yamekatwa, hakusema kitu. Alitutazama.

Watu mia tatu walinyamaza. Mtoto alikohoa. Kisha mzee mmoja aliyesimama nyuma akavua kofia, kama mtu aliyefika mahali pa mazishi. Aliyekuwa kando yake akavua yake. Ikapita ukumbini kofia kwa kofia, mpaka mbele, mpaka ikabaki moja tu, nayo ilikuwa ya Chifu Wamae.

Chifu alisimama apige marufuku, akakosa cha kupiga marufuku. Hakuna aliyekuwa amesema neno.

"Huu mkutano umekwisha," alisema mwishowe.

"Sio mkutano, ni mchezo," mtu akajibu kutoka nyuma.

Wakacheka. Na Waithira, huko kando ya jukwaa, akapiga ngemi ndefu, vile vigelegele vya kwetu, na wanawake wote wakampokea. Hizo ngemi hazikuwa kwenye kurasa zenye muhuri.

Kwa hiyo Jumatatu nilikuwa juu ya msumari ule.

Saa nne Inspekta Kioko aliniita ndani. Alikuwa Mkamba wa makamo, shati lake limepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, na macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu Jumamosi. Mbele yake palikuwa na mchezo wangu, kurasa zote. Pembeni, ukutani, ulisimama mti wa kahawa. Majani yalikuwa yameanza kunyauka. Mtu alikuwa ameufungia kikaratasi chenye namba.

"Keti, mwalimu. Mimi sina shida na wewe."

"Asante, afande."

"Nina shida na hii." Alifungua ukurasa wa kumi na nne. "Mimi nimeisoma mara nne. Sisi serikali tuliondoa maneno hapa. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Nyinyi mkanyamaza."

"Tulifuata leseni."

"Sasa leseni ya kunyamaza mlipewa na nani?"

Nilidhani anatania. Nilianza kutabasamu, nikaona hatanii, nikaacha.

"Mimi nimefanya hii kazi miaka kumi na tisa," aliendelea. "Mtu akitukana, naandika amesema hivi. Mtu akichochea, naandika amesema hivi. Hii nitaandika aje? Mama ameketi? Kofia zimevuliwa? Mkubwa wangu ataniuliza, Kioko, umelewa?"

"Basi hakuna kesi, afande."

"Kesi iko." Alinyosha mkono akaelekeza kwenye mti. "Ile ni kahawa. Imeng'olewa bila kibali. Na imeng'olewa mbele ya watu mia tatu wenye kahawa."

"Haikung'olewa mbele yao. Waliiona tu."

"Mwalimu."

"Ndiyo, afande."

"Usinifundishe. Mimi sio ngumbaru yako."



Alinieleza mambo yalivyo, polepole, kama mtu anayempimia mwenzake dawa. Saa sita kamili lori litaondoka kwenda kortini mjini Nyeri. Jina la Watiri liko kwenye orodha. Kung'oa kahawa ni kosa moja. Kuchochea watu wang'oe ni kosa lingine, na hilo la pili ndilo zito, hilo ndilo linalompeleka mtu mbali na nyumbani kwake.

"Andika ni mimi," nilimwambia. "Mimi ndiye nilitunga. Mimi nilimwambia afanye."

"Nilijua utasema hivyo. Watu wa digrii mnapenda kusema hivyo." Hakusema kwa ubaya. "Nikiandika ni wewe, basi wewe ni kiongozi. Kiongozi ana wafuasi. Nitalazimika kuwaita wale wengine kumi, mmoja mmoja, kwenye hiyo benchi. Na faili yako haitabaki hapa. Itachukuliwa na watu ambao hata mimi siwajui majina. Unafikiri mama atarudi nyumbani kwa sababu umejitoa? Mama atakuwa shahidi. Atakaa zaidi."

"Basi nikisema ni yeye peke yake?"

"Basi ni yeye peke yake. Anapanda lori."

"Nikikataa kusema?"

"Mna tabia ya kunyamaza, nyinyi. Tazama ilikowafikisha." Alisugua macho. "Yule mama tangu Jumamosi hajafungua mdomo. Namwuliza jina, ananitazama. Namwuliza umri, ananitazama. Chai amekunywa. Lakini neno, hakuna."

Nilielewa mara moja. Watiri alikuwa bado kwenye ukurasa wa kumi na nne. Maneno yalikuwa yamekatwa, na hakuna aliyemwambia kwamba ukurasa umegeuzwa.

Kioko akateremsha sauti. "Mimi pia niko na mama, huko Mwala. Umri ni kama huu. Nikimtia yule kwenye lori, sitakula vizuri wiki hii. Lakini siwezi kumwachilia hivi hivi. Lazima kuwe na karatasi. Sheria inauliza kitu kimoja: alijua anachofanya ama hakujua?"

Aliniangalia.  Alisimama akaenda dirishani, akanipa mgongo.

Niliomba nitoke nje kidogo nipate hewa.

Pale langoni nilimkuta Waithira ameshika chupa ya uji. Alikuwa akija tangu Jumapili asubuhi, na kila mara askari wa lango walikuwa wakionja uji huo kwanza, ati kwa usalama.

"Mwalimu, wanasema nini?"

"Wanataka karatasi."

"Kila mtu siku hizi anataka karatasi." Aliipangusa chupa kwa leso. "Sisi tumekubaliana. Wote kumi. Wakituuliza, tunasema tulisoma kilichoandikwa, hatukuongeza, hatukupunguza. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

"Ulipiga ngemi, Waithira. Hizo uliongeza."

Alicheka kidogo, akafunika mdomo. "Hizo zilitoka zenyewe." Kisha akaacha kucheka. "Mwalimu, atarudi? Ng'ombe wake anakamuliwa na mimi, na ananipiga teke. Anamtaka mwenyewe."

"Atarudi leo."

"Unasema kweli?"

"Nakuapia."

Nilikuwa nimeapa kabla ya kujua nitafanya nini. Lakini nilipokuwa nikirudi ndani, hatua ishirini hivi, nilijua. Swali lile la alijua ama hakujua lilikuwa mlango ambao Inspekta aliuacha wazi kwa makusudi, na mimi, kijana mwema, kijana wa digrii, niliona ni mlango wa huruma.

"Hakujua," nilimwambia Kioko.

Aligeuka. "Hakujua nini?"

"Hakujua ukurasa unasema nini. Hajui kusoma."

"Si ni wa ngumbaru?"

"Alikuja darasani, lakini hakushika. Umri. Wengine huja kwa ajili ya kukaa pamoja tu." Kila neno lilitoka jepesi kuliko lililotangulia. "Aliambiwa alete mti, akaleta wowote. Ni mama mzee, hajui sheria, hajui kusoma. Alikosea."

Kioko alinitazama kwa muda mrefu. Sijui kama aliniamini. Nadhani hakuhitaji kuniamini.

"Hiyo naweza kuandika," alisema. Kisha akafikiri. "Hapana. Andika wewe. Mwandiko wako ni mzuri. Andika kama ni yeye anasema. Ataweka kidole, wewe utatia sahihi kama shahidi, namwonya, anaenda nyumbani. Darasa lako litafungwa miezi kadhaa, watu wasahau. Tumemaliza."

Alinisukumia karatasi ya mistari na kalamu ya bluu.

Niliandika. Mimi niliyewaambia watu kwamba mtu akishajua kusoma hakuna tena wa kumfanya mdogo. Niliandika kwa herufi zilizonyooka, zile zile nilizokuwa nikiwaandikia ubaoni, kwa sababu mkono wangu ulishazoea.

*Mimi, Watiri wa Gatimu, wa Tetu, nasema kwamba sijui kusoma wala kuandika. Nilikuwa nikienda ngumbaru lakini sikuelewa. Sikujua maana ya karatasi niliyopewa. Nilileta mti wa kahawa kwa ujinga wangu. Naomba serikali inisamehe.*

Nilipofika kwenye neno ujinga kalamu ilisita. Nilitafuta neno jingine. Nilijiambia ni neno moja tu, na ng'ombe wake anampiga Waithira teke, na lori linaondoka saa sita. Nikaliandika.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika thelathini na tano.

"Leteni huyo mama," Kioko alimwambia askari.

Watiri aliingia na viatu mkononi. Walikuwa wamemvua huko seli, na sasa walipomrudishia hakupewa nafasi ya kuvivaa. Kichwa chake hakikuwa na kitambaa. Sikuwahi kumwona bila kitambaa. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, na hilo ndilo lililonifanya niangalie chini.

Aliuona mti wake kwanza. Aliusogelea, akagusa jani, likadondoka. Kisha akaniona.



"Mama, karibu, keti," alisema Kioko. "Mwalimu wako amekuja. Mambo yamekuwa sawa. Hii ni karatasi ya kwenda nyumbani. Wewe weka kidole hapa chini, halafu uende ukamue ng'ombe."

Alifungua pedi ya wino, akaisukuma mbele yake, karibu na karatasi. Wino ulikuwa wa zambarau, umekauka pembeni.

"Mama," nilisema kwa Kikuyu, haraka, kwa sauti ya chini, "weka tu. Nitakueleza nje. Weka."

"Hapa tunaongea Kiswahili, mwalimu," Kioko alisema.

Watiri aliondoa macho kwangu akayapeleka kwenye karatasi. Aliichukua. Nilifikiri ameichukua ili aisogeze, apate nafasi ya kidole. Lakini aliiinua, akaigeuza kuelekea dirishani palipokuwa na mwanga, akainyosha mbali na macho vile alivyofanya darasani siku zote kwa kuwa hana miwani.

Akaweka kidole chake cha shahada chini ya neno la kwanza.

"Mi-mi," alisema.

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu Jumamosi. Sauti ilikuwa imekwaruza.

"Mimi. Wa-ti-ri. Watiri wa Gatimu." Alisimama hapo, akaonekana kufurahi kidogo kuliona jina. "Wa Tetu. Na-se-ma. Kwa-mba."

Askari wa mlangoni aliacha kucheza na funguo.

"Si-ju-i," alisoma Watiri. "Sijui. Ku-so-ma."

 Alirudisha kidole nyuma, akasoma tena, vile nilivyomfundisha mtu afanye akidhani amekosea.

"Sijui kusoma."

 Kioko alikuwa amefumba macho. Mimi nilitamani aishie hapo, lakini sikuwa nimewahi kumfundisha aishie katikati. Aliendelea hadi mwisho, neno kwa neno. Hakuongeza, hakupunguza. Alipofika kwenye ujinga hakuligawanya. Alilisoma zima, mara moja, kama neno analolijua siku nyingi.

Kisha akaiweka karatasi mezani na kuinyosha kwa kiganja.

"Baba," aliniambia, kwa Kiswahili, ili Inspekta asikie. "Hii mwandiko ni yako."

"Ndiyo, mama."

"Ni mzuri."

"Mama, ukiweka kidole utaenda nyumbani sasa hivi. Waithira yuko langoni. Usipoweka, kuna lori pale nje."

"Nimesikia lori. Nilisikia wakiosha asubuhi."

Kioko alifungua macho. Alionekana mzee kuliko asubuhi. Alinitazama mimi, akamtazama askari wa mlangoni ambaye alikuwa amesikia kila kitu na angekwenda kukisimulia, akaitazama karatasi inayosema kwamba mwanamke huyu hawezi kusoma alichotoka kukisoma.

"Mama," alisema taratibu, "mimi sijasikia kitu. Huyu pale mlangoni pia hajasikia. Umenielewa? Nakuomba kama mama yangu. Weka kidole."

Kwa mkono mmoja alisogeza pedi ya wino karibu zaidi. Lakini kwa mkono wa pili, sijui kama alikusudia, alikuwa bado ameshika ile kalamu ya bluu, na alikuwa ameinyosha mbele.

Watiri alivitazama vyote viwili. Aliufungua mkono wake wa kulia, akaangalia kidole gumba, kile chenye kovu la kisu cha kupogolea kahawa. Nilijua anamwona nani. Alikuwa anamwona Gatimu yule mwingine, mtoni, mwaka ule, na karatasi.

Kisha alinigeukia.

"Nisaidie, baba," alisema. "Nikiweka kidole, wewe Alhamisi utanifundisha nini?"

Nje, dereva alipiga lori stati. Inspekta Kioko naye akanigeukia, na askari wa mlangoni, na wote watatu wakawa wananingoja mimi niseme.